Wito Ulioyeyuka Bakulini

Imepokewa kwetu kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyopita, kwamba katika mji wa Zarkawa, nyuma ya milima ya mashariki, palikuwa na kadhi mcha Mungu aliyeitwa Dhakwan bin Iyas. Watu wa mji wake walimheshimu sana na kumnung'unikia sana, na yote mawili kwa sababu moja: hakuwa akisikiliza kesi iliyoanza vibaya. Hata mtu angekuja na haki yake iko wazi kama jua la mchana, Kadhi Dhakwan alikuwa kwanza akitazama ameingilia mlango gani. Akiulizwa kwa nini anawasumbua waja wa Mungu namna ile, hujibu, "Mwenye haki havunji dirisha. Mlango upo."

Mlango wenyewe ulikuwa huu. Madai mapya aliyafungua siku ya Jumatatu tu. Mdai alitakiwa aje mwenyewe, ataje jina lake na jina la anayemdai, akitaje kile anachokidai kwa mipaka yake, na aseme anataka Kadhi afanye nini. Karani akiandika, kisha akimsomea. Mdai akikiri kwamba ndivyo alivyosema, Kadhi alichukua donge la udongo laini, akaligandamiza kwa pete yake ya muhuri, akampa mdai mkononi. Donge lile ndilo lililokuwa wito. Mdai alilipeleka mwenyewe kwa mdaiwa, na mdaiwa akishalipokea alikuwa na siku kumi za kujitayarisha. Asipotokea siku ya kumi bila udhuru, Kadhi aliwasikiliza mashahidi wa mdai na kuhukumu yeye akiwa hayupo.

Najua wapo kati yenu wanaocheka kusikia wito wa udongo. Chekeni, lakini karatasi zetu za leo nazo hupotea, tena bila kulowa maji.

Basi katika mji huo alikuwako mjane mmoja mwema, Bibi Rumaitha, mke wa marehemu Harthama, Mungu amrehemu. Harthama alimwachia vitu viwili. Cha kwanza ni bustani ya makomamanga iliyo chini ya mteremko, na cha pili ni mama mzazi wa Harthama mwenyewe, Bi Ghaziya, aliyekuwa kipofu kwa miaka mingi. Wanawake wale wawili waliishi kwa bustani ile. Hawakuwa na kingine, wala ndugu wa kuwapokea isipokuwa wa mbali, ambao, kama mnavyowajua ndugu wa mbali, hupenda wabaki mbali.

Bustani haikuwa na kisima. Maji yake yalikuja kwa mfereji uliopita kwanza katika shamba la jirani wa juu, Bwana Mukhallad bin Sawwar, mtu mwenye kondoo wengi na sauti nzito. Kwa desturi ya miaka yote, kila Ijumaa mfereji ulifunguliwa kwa ajili ya bustani ya Harthama. Alipokufa Harthama, Mukhallad alingoja mpaka eda ya mjane ikaisha, na hilo tumhesabie kuwa ni adabu. Siku ya pili yake akaweka jiwe kubwa mdomoni mwa mfereji. Bibi Rumaitha alipokwenda kumuuliza, alijibiwa akiwa nje ya mlango:

"Zamu ilikuwa ya marehemu. Maiti hanyweshi miti."

Neno lile lilimchoma Bibi Rumaitha kuliko jiwe lenyewe. Alirudi nyumbani analia, na Jumatatu iliyofuata akaenda barazani kwa Kadhi akiwa bado analia.

"Ewe Kadhi wa Waislamu," alisema, "nimedhulumiwa."

"Na nani, bibi?"

"Na jirani yangu, Mukhallad bin Sawwar."

"Amekudhulumu nini?"

"Kila kitu. Amenifungia dunia."

Kadhi Dhakwan alimwashiria karani ashike kalamu. Kisha akasema kwa upole, "Dunia siwezi kukufungulia, bibi. Hiyo ina Mwenyewe. Nitajie kitu ambacho nikikiandika hapa, mtu atakayesoma atakijua, hata kama hakukuona ukilia."

Bibi Rumaitha akasema amefungiwa maji. Kadhi akamuuliza ni maji ya saa ngapi, kutoka wapi mpaka wapi, na kwa haki gani. Hakuweza kujibu. Mambo ya mfereji yalikuwa ya mumewe, yeye alikuwa akiona tu maji yamekuja. Kadhi akamwambia arudi Jumatatu nyingine akiwa amejua anachokidai. Aliondoka amevunjika moyo, na kusema kweli alimsemea Kadhi maneno njiani ambayo baadaye alimwomba Mungu msamaha kwayo.

Mimi simlaumu Kadhi. Mtu akija kwako na dhuluma isiyo na mipaka, utamrudishia nini? Lakini pia simlaumu mjane, kwani aliyeungua hapimi moto.

Wiki ile nzima Bibi Rumaitha alifanya kazi ya kuijua haki yake. Alimshika mkono mama mkwe wake, wakaufuata mfereji hatua kwa hatua. Bi Ghaziya hakuwa akiona, lakini alikumbuka kila kona ya mchirizi ule tangu alipoletwa pale bibi harusi. Waliwauliza majirani wawili wazee, nao wakakubali kuwa mashahidi. Ikadhihirika kwamba zamu ni moja tu: Ijumaa, tangu watu watoke sala ya alfajiri mpaka jua lisimame utosini, kuanzia jiwe la mpaka lililopasuka mpaka ukuta wa chini wa bustani. Zamu hiyo aliiuza babake Mukhallad kwa babake Harthama, na ilifuata bustani, haikumfuata mtu.

Jumatatu ya pili alifika mapema. Nje ya baraza ya Kadhi walikuwa wakikaa waandishi wanaowapangia watu madai yao, na aliyekuwa maarufu kati yao ni Zurara, mwepesi wa kalamu na wa ulimi. Akamsikiliza Bibi Rumaitha, kisha akatikisa kichwa.

"Zamu moja? Andika mbili, bibi. Ukidai mbili Kadhi atakupa moja. Ukidai moja atakupa nusu. Anayetaka ngozi na aombe ng'ombe."

"Na nikipewa hiyo ya pili?"

"Hupewi!"

"Basi kwa nini niiombe?"

Zurara alicheka mpaka akaiweka kalamu chini. "Wewe bibi," alisema, "utaniharibia kazi." Lakini akaandika zamu moja.

Kadhi aliyasikiliza madai yakisomwa. Safari hii hakuuliza chochote, maana kila kitu kilikuwa mahali pake: jina lake, jina la jirani, maji, siku, saa, mipaka, na ombi lake kwamba jiwe liondolewe. Akachukua udongo, akaupiga muhuri, akampa.

"Mfikishie," alisema. "Na ajue kwamba ni mimi ninayemwita. Dai ambalo mdaiwa hakuitwa ni mazungumzo ya mtu peke yake."

Kesho yake, Jumanne, Bibi Rumaitha aliufunga ule udongo katika kitambaa kibichi usipasuke, akapanda kuelekea kwa Mukhallad. Na hapa, ndugu zangu, ndipo alipokosea. Alikuwa mwanamke wa kujistahi. Tangu azaliwe hajamshitaki mtu, na wazazi wake walimlea kuamini kwamba kwenda kwa kadhi ni jambo la watu wagomvi. Kila hatua aliyopanda aibu ilimzidi. Alipobisha, alifungua mtumishi mzee wa nyumba, Nuwaima, akiwa na mikono iliyojaa unga.

"Bwana yupo?" aliuliza Bibi Rumaitha.

"Yuko machungani na kondoo wake. Mpaka wiki ijayo."

Alitakiwa aseme, "Huu ni wito wa Kadhi, mfikishie." Lakini aliona haya kuyasema maneno hayo mbele ya mtumishi, mlangoni, watu wakipita. Akamkabidhi lile donge na kusema, "Huu ni wa nyumba hii," akageuka akashuka mteremko kama anayefukuzwa.

Sasa lazima mjue kwamba katika mji wa Zarkawa wanawake walikuwa wakiosha nywele zao kwa udongo laini wa bondeni. Wauzaji waliupitisha mlango kwa mlango, umefungwa katika vitambaa vibichi, na kila muuzaji aliutia alama yake. Nuwaima akaushika, akaupima kwa vidole, akaona ni mzuri. Akaona na alama. Hakuweza kusoma. Akamshukuru Mungu kwamba kuna wauzaji wasiopigia watu kelele mlangoni, akauloweka bakulini, na adhuhuri ile ile mke wa Mukhallad akaoshwa kichwa kwa muhuri wa Kadhi.

Siku zikapita. Joto likazidi. Makomamanga yalikuwa yameshika matunda machanga, na majani yakaanza kujikunja. Bi Ghaziya alikuwa akipita kila asubuhi akiyagusa kwa vidole, na alivyokuwa akinyamaza zaidi ndivyo Bibi Rumaitha alivyojua hali ni mbaya zaidi. Walihesabu siku. Ya kumi ni Alhamisi. Kadhi akihukumu Alhamisi, jiwe litaondolewa Ijumaa alfajiri, na miti itanywa. Ikipita hapo, matunda yatapukutika, na miti iliyoungua mizizi haiangalii nani alikuwa na haki.

Asubuhi ya Alhamisi, akiwa njiani kwenda barazani, Bibi Rumaitha alipita penye kisima cha mji, na mtu akamwita kwa furaha.

"Bibi wa udongo! Bibi wa udongo!"

Alikuwa Nuwaima na mtungi wake. "Nimekutafuta sokoni sikukuona. Udongo wako ule! Nywele za bibi yangu zimekuwa laini mpaka zinateleza kwenye chanuo. Mwingine utaleta lini?"

Bibi Rumaitha alimsogelea. "Udongo upi, dada yangu?"

"Ule wenye alama ya duara. Niliuloweka siku ile ile."

"Na bwana wako hakuuona?"

"Bwana? Bwana ana nywele gani za kuosha?" Nuwaima akacheka. "Tena hayupo. Anarudi leo jioni."

Bibi Rumaitha aliendelea na safari hajui anakanyaga wapi. Barazani aliwakuta mashahidi wake wawili wamekwisha kaa, wamevaa nguo safi, wazee waliojikokota kwa ajili yake. Alimwita Zurara kando akamweleza. Zurara alishika kichwa, akataka kucheka, akajizuia alipomwona uso.

"Sikiliza, bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Kadhi atakuuliza kama uliufikisha. Wewe uliufikisha. Ulikwenda nyumbani kwake, ukaukabidhi kwa mtu mzima wa nyumba yake. Sema hivyo hivyo. Hakuna uongo hata neno moja."

"Lakini hajui kwamba ameitwa."

"Wewe umeulizwa anachokijua? Jibu ulichoulizwa tu. Haki ni yako! Humnyang'anyi mtu. Mashahidi wapo, miti inakufa, na yeye ndiye aliyeweka jiwe."

Tusijidanganye, maneno yale yalikuwa matamu. Mimi niliyeketi kivulini ninayaona matamu, sembuse yeye. Haki ilikuwa yake kwelikweli, na kila neno aliloambiwa aseme lilikuwa neno la kweli. Shetani akimjia mlevi huja na kileo, akimjia mcha Mungu huja na fatwa.

Jina lake likaitwa. Jina la Mukhallad bin Sawwar likaitwa mara tatu mlangoni, hakujibu mtu. Kadhi Dhakwan akamgeukia mdai.

"Siku kumi zimetimia, na mdaiwa hakutokea. Bibi Rumaitha, udongo wangu uliufikisha?"

Bibi Rumaitha alifumbua mdomo, na yale maneno ya Zurara yakaja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Wamesimulia kwamba aliyaona makomamanga yake yote mbele ya macho, mti mmoja mmoja. Kisha akasema:

"Ewe Kadhi, niliufikisha nyumbani kwake, lakini wito haukumfika. Niliona haya kumwambia mtumishi kwamba ni muhuri wako. Akadhani ni udongo wa kichwa. Wameoshea nywele."

Baraza zima liliangua kicheko. Walicheka wazee, walicheka walinzi wa mlangoni, na karani aliuficha uso nyuma ya daftari. Kicheko kikaendelea mpaka Kadhi alipoinua mkono. Yeye mwenyewe hakucheka. Wanasema macho yake yalikuwa na machozi.

"Umejua lini?"

"Asubuhi hii, njiani."

"Na ulijua kwamba ungeniambia 'niliufikisha', ningewasikiliza mashahidi wako na kuhukumu?"

"Nilijua. Na nilitamani sana kusema."

Kadhi akasema polepole, "Basi sina la kuhukumu. Mtu hahukumiwi kwa wito uliokwenda na maji ya bakuli. Madai haya yamekuwa kama hayakuanza. Njoo Jumatatu uyafungue upya, nikupe udongo mwingine, na siku kumi zihesabiwe tena."

"Ewe Kadhi, miti yangu haina siku kumi."

"Naijua dhiki yako, bibi. Lakini nikikulegezea sharti leo kwa kuwa wewe ni mkweli, kesho nitamlegezea mwingine kwa kuwa ni rafiki yangu, na keshokutwa litalegezwa dhidi yako."

Hakubisha. Aliwashika mikono wale wazee wawili, akawaomba radhi kwa kuwachosha bure, akatoka. Zurara alimfuata mpaka mlangoni akisema, "Bibi, bibi, ulikuwa umekwisha shinda!" Naye akaenda zake akilia.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Bi Ghaziya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha hasira ikampanda. "Miti ya mwanangu inakufa, na wewe umekwenda kusema kweli!" Lilikuwa neno baya, na alijua ni baya mara tu lilipomtoka. Baadaye yule mama akapapasa mpaka akampata mkwewe, akamkalisha karibu yake.

"Nisamehe, mwanangu. Uchungu umesema, si mimi. Harthama angekuwako angenionea haya."

"Mama, sijui kama nimefanya vizuri. Najua tu kwamba singeweza kuyanywesha makomamanga maji yale nikayala."

"Basi tuyanyweshe ya halali," akasema Bi Ghaziya. "Kamba iko wapi?"

Tangu Ijumaa hiyo asubuhi wakaanza kuchota maji kutoka kisima cha mji, mjane mbele na kipofu nyuma, wameshika kamba moja baina yao, kila mmoja na ndoo yake. Bustani ilikuwa na miti arobaini na ushei. Walinywesha miti kumi, wakachoka. Jumamosi kumi mingine. Watu waliokuwa wakicheka barazani walianza kuwatazama bila kucheka, na wawili watatu wakaleta ndoo zao. Huo ndio mwanzo wa faraja, na faraja ya Mwenyezi Mungu mara nyingi huja na ndoo kabla ya kuja na mfereji.

Upande wa juu nako mambo hayakutulia. Mukhallad alirudi machungani Alhamisi ile ile, jua likizama, na mkewe alikuwa na habari ya kumpa, maana Zarkawa nzima ilikuwa nayo tangu alasiri. Alimsimulia huku akishika mbavu. "Bwana wangu, mwenzio nimeoshwa kichwa na Kadhi!"

Mukhallad hakucheka. Akamuuliza, "Yule mjane angenyamaza, ingekuwaje?"

"Ungekuwa umekwisha hukumiwa, hata viatu hujavua."

Wanasema hakumaliza chakula chake. Tangu Ijumaa mpaka Jumapili alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba lake na kutazama chini, akiwaona wanawake wale na kamba yao.

Jumatatu Bibi Rumaitha alifika barazani na karatasi yake ile ile. Alipoingia akamkuta Mukhallad bin Sawwar ameketi chini, mahali pa mdaiwa, amevaa kilemba chake, kichwa kimeinama. Aliogopa, akidhani amekuja kumtangulia kwa shari.

"Bwana Mukhallad," alisema Kadhi Dhakwan, "umekuja kwa jambo gani? Mimi sijakuita."

"Nimeitwa, ewe Kadhi. Wito wako uliyeyuka, lakini mwanamke huyu ameniita kwa ukweli wake, nao umenifika. Nimekuja kwa hiari yangu. Siku kumi zangu nimeziacha. Yafunguliwe madai leo, nami nijibu leo."

Kadhi akamuuliza mara tatu kama hakulazimishwa na mtu, na kama anajua anaacha haki yake ya kungoja. Mara zote tatu akajibu kwamba anajua. Ndipo Kadhi akamwamuru karani asome. Yakasomwa: maji, Ijumaa, kutoka alfajiri mpaka jua la utosi, jiwe lililopasuka, ukuta wa chini.

"Umesikia," alisema Kadhi. "Unajibu nini?"

Mukhallad alinyanyua kichwa. "Ewe Kadhi, nilikuwa na jibu tayari tangu siku niliyoweka jiwe. Nilikusudia kusema kwamba zamu ile ilikuwa hisani kwa marehemu, na hisani hufa na mtu. Mashahidi wake ni wazee, ningeweza kuwayumbisha. Lakini mtu aliyekataa kunishinda nikiwa sipo, nimejipima, siwezi kumwongopea nikiwa nipo. Baba yangu aliiuza zamu ile kwa babake Harthama. Mimi nilikuwako siku hiyo. Anayosema ni kweli yote, na hakuzidisha hata saa."

Karani aliandika ukiri ule, na Kadhi akatoa hukumu pale pale. Mukhallad akamgeukia Bibi Rumaitha, na mtu yule wa sauti nzito akasema kwa shida, "Nilikwambia neno mlangoni kwangu siku ile. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini jiwe liondoe leo, usingoje Ijumaa."

Baraza likacheka tena, na mara hii Kadhi Dhakwan naye alicheka.

Adhuhuri ile Mukhallad aliliondoa jiwe kwa mikono yake, na akatoa maji ya zamu yake mwenyewe ya Jumatatu kufidia Ijumaa zilizopita. Bi Ghaziya alikuwa amekaa chini ya ukuta, amechoka kwa ndoo. Aliyasikia maji kabla hajaambiwa na mtu. Akatia mkono mchirizini, akaunyanyua ukiwa umelowa, akaupaka usoni, akamwita mkwewe kwa sauti kubwa kama msichana. Mwaka ule theluthi ya matunda ilikuwa imekwisha pukutika. Yaliyobaki yaliiva.

Enyi ndugu zangu, wengi wetu tunajua namna ya kumaliza ugomvi, au tunadhani tunajua. Wachache wanajua namna ya kuuanza. Tunamshitaki mtu kwa majirani kabla hajui kwamba tumekasirika, tunamhukumu chakulani, tunatoa fatwa sokoni, na mwenyewe yuko machungani na kondoo wake hana habari. Na tukiulizwa, tunajibu kwa neno la kweli lililokatwa kipande. Bibi Rumaitha alikuwa na haki kamili, na akakataa kuichukua kabla mwenzake hajaitwa. Mungu amrehemu. Basi wewe mwenye dai na ndugu yako, nenda kamgongee mlango. Na ukifika usione haya: mwambie kwa maneno yanayosikika umekuja kwa jambo gani.